Aliyenunua chipu hakununua sura za wenzake

Imechapishwa hoja kwamba kukataza picha ndani ya kasino ni uonevu: mteja kalipa, simu ni yake, apige atakavyo. Hoja tamu, ila imesahau kwamba mezani wameketi na wengine.

Dodoma ni mji wa Bunge na wizara. Selfi ya mshindi mmoja ikimnasa nyuma yake mhasibu wa ofisi ya umma, kabla ya alfajiri imeshazunguka makundi ya WhatsApp, na mtu aliyecheza mchezo unaoruhusiwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 anaamkia kujieleza. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha yake, na haikuweka "isipokuwa penye karata".

Hata Las Vegas, kasino ya Binion's ilisifika kwa kuwapiga wageni picha bure mbele ya dola milioni 1. Mbele ya noti, si ya wachezaji.

Kwa jambo moja mwandishi yule yuko sahihi: kamera za darini humrekodi kila mtu. Basi aibane kasino kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyopitishwa na Bunge hapohapo Dodoma. Na akitaka picha yake mwenyewe, amuulize msimamizi wa ukumbi, asubiri mkono wa karata uishe, azime na flashi.