MBU HAZALIWI NA MALARIA



Jumatatu katika darasa la watu wazima mama mmoja aliuliza: huyu mbu malaria yake anaitoa wapi? Wengi tukajibu kwa sauti moja, "Kwenye madimbwi!" Kumbe tumekosa, na mimi Katibu wenu ndiye niliyepaza sauti kuliko wote. Mwalimu akatueleza, nami naandika hapa kadiri nilivyoelewa.

Dimbwi linatupa mbu tu. Mbu akitoka majini hana malaria hata chembe. Dume hana haja na damu, yeye hunyonya utamu wa mimea. Ni jike, tena wa aina ya Anofelesi, anayetafuta damu usiku ili mayai yake yakue. Akimnyonya mtu mwenye vimelea vya malaria, ndipo naye anavipata. Yaani sisi ndio tunampa.

Sasa ndani ya mbu kuna kazi kubwa. Katika damu ile mna vimelea vya kiume na vya kike. Mwilini mwetu havioani, vinangoja tumbo la mbu. Vikifika humo, kwa dakika chache tu kile cha kiume kinatoa nyuzi nyembamba nane, kila uzi unatafuta jike wake. Vikiungana kinatokea kitu kama mnyoo mdogo mno usioonekana kwa macho. Kinatoboa ukuta wa tumbo, kinajishikiza upande wa nje, kinakuwa kifuko. Kifuko kinavimba siku hadi siku, ndani yake vinazaliwa vimelea maelfu. Kikipasuka, vinasambaa mpaka kwenye tezi za mate. Tangu hapo mbu akiuma anakuachia mate yenye malaria.

Vifuko hivyo aliviona daktari Mwingereza, Ronald Ross, huko India tarehe 20 Agosti 1897. Alipasua matumbo ya mbu waliomwuma mgonjwa, na mgonjwa alilipwa kwa kila mbu! Kazi ya namna hiyo sijui nani angeikubali hapa kwetu.

Lakini jambo nililolishika mimi ni hesabu ya siku. Kwa joto la kwetu safari hiyo yote inachukua siku 10 mpaka 14 hivi. Penye baridi kali, kama Makete, inakawia sana au haikamiliki. Na mbu wengi hufa kabla ya siku hizo kutimia. Basi akigusa chandarua chenye dawa akafa siku ya tano, mzigo wake umekufa naye. Na mgonjwa akilala ndani ya chandarua, mbu hapati mzigo wa kubeba.

Wako wanaosema, "Mimi malaria imenizoea, neti ni ya watoto." Huyo aliyezoea anaweza kuwa na vimelea bila homa yoyote, na mbu wanachota kwake kila usiku.

Nami sijitoi. Mwaka jana nilipewa dawa mseto ya siku 3. Siku ya pili nikapata nafuu, nikaacha, vidonge vilivyobaki nikaviweka eti akiba. Homa ikarudi, na kitandani kwangu hapakuwa na chandarua. Wiki chache baadaye mjukuu wangu akazidiwa, tukampakia kwenye baiskeli usiku wa manane. Amepona. Siwezi kuapa kuwa mbu alichukua kwangu, ila nikihesabu zile siku nakosa raha.

Sasa vyandarua tulivyogawiwa viko wapi? Vingine vimefunika vitalu vya mboga vya ushirika wetu wenyewe, vingine vinazuia kuku. Najua ndege wanakula miche. Kamati imekubaliana vitalu vifunikwe kwa nyasi kama zamani, na kila mwanachama alete mzigo mmoja wa nyasi Ijumaa.

Jumamosi asubuhi kamati ya afya itapita nyumba kwa nyumba, itaanza kwangu. Mwenye chandarua shambani akiondoe mapema, akifue kwa sabuni ya kawaida, akianike kivulini. Kilichotoboka kiletwe ofisini, akina mama wa cherehani watakishona bure.

Katibu