Kengele ya Saa 11:20 Alfajiri



Wapendwa waamini, juma hili tulijiwa na binti mmoja wa Parokia yetu, mwanakwaya. Anataka kwenda India kusomea ualimu wa yoga, maana hoteli za kitalii hutafuta walimu wa namna hiyo, naye ameona hapo mlango wa riziki. Akauliza kwa unyofu: “Baba Paroko, je, ni dhambi?”

Kabla ya kumjibu tulimwomba ratiba. Mahali anapopatamani ni ashramu ya Sivananda huko Neyyar Dam, katika jimbo la Kerala, iliyoanzishwa mwaka 1978 na Swami Vishnudevananda. Kozi ni ya majuma manne, na wanafunzi huishi humo humo. Kengele hulia saa 11:20 alfajiri. Saa 12:00 wote wako ukumbini kwa satsanga, yaani tafakari ya kimya, nyimbo na mafundisho. Saa 2:00 ni mazoezi ya viungo na pumzi. Mlo wa kwanza ni saa 4:00 (naam, saa 4:00!), na wa pili ni saa 12:00 jioni; nyama, samaki, mayai, vitunguu, hata kahawa, havimo. Kila mmoja hupewa kazi ya mikono isiyo na malipo, kama kufagia, kuosha vyoo au kukata mboga. Mchana ni darasa, alasiri mazoezi tena, usiku satsanga tena, kisha taa huzimwa. Kuhudhuria kila kipindi ni lazima.

Tukiri kwamba tulipoisoma tuliona haya. Ratiba ya namna hiyo tuliishi nayo seminarini, na wengi wetu tuliiacha langoni siku ya kuondoka. Na kuhusu Misa ya alfajiri hapa Parokiani, tuliomo humo twajuana kwa majina.

Hata hivyo, haya yetu isitupofushe. Mnamo tarehe 15 Oktoba 1989, Idara ya Mafundisho ya Imani, chini ya Kardinali Joseph Ratzinger, iliwaandikia Maaskofu kuhusu tafakari ya Kikristo. Barua ile haikuyalaani mazoezi ya mwili yatokayo Mashariki. Yaweza kumsaidia mtu anayesali. Ila ilionya kwamba utulivu wa mwili usidhaniwe kuwa ni faraja ya Roho Mtakatifu. Kwa hiyo anayenyoosha mgongo wake katika ukumbi wa mazoezi mjini hana haja ya kuja kitubioni kwa sababu hiyo.

Kuishi ashramuni ni jambo jingine. Katika satsanga huimbwa majina ya miungu ya Kihindu, na kipindi hicho si cha hiari. Hatuwadharau Wahindu, kinyume chake, kuwaheshimu ni kukubali kwamba wanachokifanya pale ni ibada ya kweli kwao. Mkristo hawezi kuketi katikati ya ibada asubuhi na usiku, majuma manne, kisha akasema alikuwa akifanya viungo tu.

Liko pia suala la utii. Vishnudevananda alifariki mwaka 1993. Mwaka 2019 mwanamke aliyekuwa msaidizi wake wa karibu alimtuhumu hadharani kwa unyanyasaji wa kijinsia, na shirika likaagiza uchunguzi wa mtu wa nje. Hatusemi haya kwa kuwanyoshea kidole, kwani Kanisa letu lina majeraha ya jinsi hiyo hiyo, na mapadre wenzetu wamo. Lakini mzazi amtumaye bintiye mahali ambapo kila saa ina amri yake, yampasa kuuliza amri hizo hutoka kwa nani, na huyo naye huulizwa na nani.

Katika Kerala hiyo hiyo iko Kurisumala, ashramu ya wamonaki Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1958 na Francis Acharya pamoja na Bede Griffiths. Nao huamka mapema, hawali nyama, huketi sakafuni wakati wa Liturujia na hufuga ng’ombe wa maziwa. Tofauti yao na wale wa Neyyar Dam si ukali wa ratiba. Kiini cha siku yao ni Ekaristi.

Haya yote tulimweleza binti yetu. Tulimshauri atafute mwalimu wa mazoezi asiyedai ibada, hata ikiwa cheti chake kitakuwa na jina dogo. Alishukuru, akaomba muda wa kufikiri. Jumanne tulimwona kwenye Misa ya alfajiri, benchi la nyuma, akisinzia kidogo.