Mapora wa bei poa: Mnunuzi atafutwe kabla ya kifaranga

Kifaranga dume wa kuku wa mayai hana kazi kwa aliyemtotolesha. Hatagi, na kwa kuwa ukoo wake umechaguliwa kwa ajili ya mayai, hanenepi haraka kama kuku wa nyama. Ndiyo maana katika nchi nyingi huuawa siku ileile anayoanguliwa. Ujerumani peke yake ilikuwa ikiua vifaranga madume wapatao milioni 45 kwa mwaka, hadi sheria ilipopiga marufuku jambo hilo kuanzia Januari 1, 2022. Ufaransa ilifuata mwishoni mwa mwaka huo.

Hapa Tanzania, na pia kwa majirani zetu wa Kenya, kifaranga huyo hupata mnunuzi. Huuzwa kwa bei ya chini kuliko mtetea, na mfugaji mwenye mtaji mdogo huona amepata mteremko. Swali ambalo wengi hawajiulizi siku hiyo ni hili: pora huyo, yaani jogoo ambaye hajaanza kuwika, atakwenda kwa nani akishakua?

Gharama iko kwenye chakula

Bei ya kifaranga ni sehemu ndogo ya gharama. Kuku wa nyama anayetunzwa vizuri hufikia kilo 2 katika wiki 5 hadi 6, akiwa amekula chini ya kilo 4 za chakula. Pora wa kuku wa mayai hula kilo 4 au zaidi hadi wiki ya 12, na hapo uzito wake ni takriban kilo moja na robo tu. Kwa mapora 100, hiyo ni mifuko 8 ya kilo 50. Chanjo za mdondo na gumboro nazo hazina bei ya dume na bei ya jike.

Baada ya wiki 12, kila pora hula takriban gramu 80 kwa siku. Kwa kundi la 100 ni kilo 8 kwa siku, au kilo 56 kwa wiki. Kwa hiyo mfugaji anayesubiri bei ipande anapoteza zaidi ya mfuko mmoja kila wiki, huku majogoo wakianza kupigana na kujeruhiana bandani.

Wajerumani nao wamelionja jambo hili. Baadhi ya wafugaji wao sasa huwakuza madume badala ya kuwaua, lakini nyama yake hailipi gharama. Pengo huzibwa kwa kuongeza bei ya mayai yanayotagwa na dada zao. Huku kwetu hakuna mnunuzi wa trei ya mayai anayemlipia jogoo, hivyo pora hana budi kujilipia mwenyewe.

Nani wa kumchukua

Mnunuzi wa kwanza ni mlaji wa sikukuu. Familia nyingi hutaka jogoo mzima kwa Krismasi, Pasaka na Idi, na hapo hununua kuku badala ya kilo. Anayelenga Krismasi anapaswa kuwa ameingiza vifaranga bandani katikati ya Septemba. Kwa Idi hesabu ibadilishwe kila mwaka, kwa kuwa huwahi kwa takriban siku 11.

Wa pili ni mama lishe na mwenye mgahawa, ambaye huhitaji kuku wachache lakini kila wiki. Huyu hafai kuuziwa kundi zima kwa mkupuo. Anamfaa mfugaji anayeingiza vifaranga kwa awamu.

Wa tatu ni mfugaji mwenzake anayetafuta jogoo wa mbegu. Jogoo mmoja hutosha mitetea 10 hivi, na mwenye kuku wa kienyeji hushauriwa kubadilisha jogoo na kijiji kingine ili kuku wasizaliane ndugu kwa ndugu. Soko hili ni la jogoo bora wa kienyeji. Pora wa kuku wa mayai halifai sana, kwa kuwa mitetea atakaowazaa huelekea kupoteza silika ya kuatamia, ambayo ndiyo mashine ya kutotolea ya mwanakijiji.

Jogoo wa shamba hawiki mjini, lakini mjini ndiko anakoliwa. Tenga lililojazwa kupita kiasi na kuachwa juani hufikisha Kisutu kuku waliokufa au waliokonda, na hasara ni ya mwenye mali. Tena Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kuku wamo.

Tahadhari kwa mnunuzi

Wapo wachuuzi wanaouza madume wa kuku wa mayai kwa jina la chotara, ambao hukua haraka zaidi. Kwa kuku wa mayai wa rangi ya kahawia, rangi husaidia kuwatambua: vifaranga majike huwa wa kahawia, na madume huwa weupe au wa manjano hafifu. Anayeuziwa boksi zima la vifaranga wa rangi hiyo hafifu aulize wametoka kituo gani, na adai risiti inayotaja aina yao.

Bei poa ya kifaranga si kosa, na kwa mwenye pumba, mashudu na mnunuzi wa uhakika, pora anaweza kuacha faida. Hatari ni kuanza na kifaranga na kumaliza na mnunuzi. Wafugaji watano wa jirani wenye mapora 20 kila mmoja wanaweza kukubaliana na mgahawa mmoja au mchuuzi mmoja juu ya idadi, uzito na wiki ya kuchukua kabla hawajalipia boksi la kwanza. Mnunuzi asipopatikana, ni afadhali boksi hilo libaki kituoni.