Ukitaka kuwajua majambazi wa Kasulu, usihesabu wafungwa

Basi bwana, mwaka 2007 nilikuwa kidato cha pili, nikatoka Kibondo kwenda Kasulu kwa basi. Enzi hizo njia ile ilikuwa vumbi tupu, na basi halikuondoka mpaka askari apande na bunduki yake. Akakaa kiti cha mbele, karibu na dereva. Kila msitu ulipozidi kuwa mzito, soga zilipungua ndani ya basi, watu wakaanza kusali kimoyomoyo.

Konda ndiye aliyevunja ukimya. "Majambazi wenyewe si hawa wakimbizi? Nendeni gerezani mkaone wamejaa akina nani." Basi zima likaitikia. Na mimi nikaitikia.

Hoja hiyo ya gereza nimeisikia tena mara nyingi, safari hii kutoka kwa wenzangu wa hapa mjini wenye digrii zao ukutani. Ndiyo iliyonifanya nimtafute mzee mmoja wa Kimarekani, Alfred Blumstein.

Blumstein, mzaliwa wa 1930, hakusomea sheria wala upolisi. Alichukua udaktari Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1960 katika fani inayoitwa utafiti wa operesheni. Jina lisikutishe. Ni hesabu za kupanga kazi, zilizokomaa wakati wa Vita Kuu ya Pili, pale Waingereza walipowauliza wanasayansi wao wafanyeje ili meli zao zisizamishwe ovyo na nyambizi za Wajerumani. Patrick Blackett na wenzake wakakuta kwamba msafara mkubwa hupoteza sehemu ndogo zaidi ya meli zake kuliko msafara mdogo. (Sijui kama waliokuwa wakipanga misafara ya mabasi Kibondo waliwahi kumsikia huyu bwana.)

Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson aliunda tume ya kuchunguza uhalifu, na Blumstein akapewa kuongoza kikosi cha sayansi na teknolojia. Hakuwa na historia yoyote katika uhalifu, kwa maana zote mbili! Ripoti ya tume ilitoka 1967, na ndani yake polisi, mahakama na magereza yakachorwa kama bomba moja: watu wanaingia huku, wengine wanatokea njiani, wachache wanafika mwisho. Leo tunaona ni jambo la kawaida. Wakati ule kila ofisi ilijihesabia mambo yake.

Kinachonifanya nimwamini mzee huyu ni kosa lake. Mwaka 1973, yeye na Jacqueline Cohen waliandika kwamba Marekani ina kawaida ya kufunga kiwango kilekile cha watu, kama 110 kwa kila watu 100,000, na takwimu za nusu karne zilikuwa upande wao. Wino haujakauka vizuri, kiwango kikaanza kupanda, na baadaye kikazidi mara nne. Mwingine angenuna. Yeye akaanza kuhesabu upya, na mwaka 1999 akiwa na Allen Beck akaonyesha kuwa ongezeko la wafungwa wa magereza ya majimbo kati ya 1980 na 1996 lilitokana na uhalifu kwa asilimia 12 tu. Asilimia 88 ilitokana na namna serikali ilivyoamua kuadhibu.

Soma tena hiyo 88, kisha mrudie konda wangu.

Kuna kazi yake nyingine, ya 1982, kuhusu Wamarekani weusi gerezani. Hakuridhika kuhesabu vichwa. Alilinganisha wanaokamatwa na wanaofungwa, kosa kwa kosa. Kwenye mauaji, tofauti ya weusi na weupe gerezani ilifuata karibu kabisa tofauti ya waliokamatwa. Kwenye dawa za kulevya, ukamataji ulieleza takriban nusu tu. Yaani kosa likiwa dogo, hiari ya mwenye mamlaka inakuwa kubwa.

Sasa tuje kwetu. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 iliwataka wakimbizi wakae kambini, na mpaka uliozoeleka ni kilomita 4. Ukivuka bila kibali, una kosa. Muha wa Makere akienda kutafuta kuni kilomita 6 ni mchapakazi. Mkongo wa Nyarugusu akimfuata nyuma ni mhalifu. Safari ile ile ya 2007, karibu na Makere, kijana mmoja alishushwa kwa kukosa kibali. Konda akatugeukia: "Si niliwaambia?" Mkononi kijana alikuwa na mfuko wa dagaa.

Sisemi hakukuwa na majambazi. Walikuwepo, na bunduki za vita vya Burundi zilivuka mpaka tangu watu walipoanza kukimbia baada ya Rais Ndadaye kuuawa, Oktoba 1993. Kuna watu hawakufika Kasulu kwa sababu hiyo, na wakimbizi wenyewe waliporwa. Lakini yule mwenye bunduki na yule mwenye dagaa wakihesabiwa pamoja, huna takwimu, una uvumi wenye tarakimu. Na bado hujagawa kwa idadi ya watu, katika wilaya zilizopokea maelfu kwa maelfu ya wageni ndani ya miaka michache.

Ningependa hesabu ya kosa kwa kosa: unyang'anyi wa kutumia silaha pembeni, kutoka kambini bila kibali pembeni, waliokamatwa na waliofungwa, Kasulu na Kibondo, kuanzia 1996 hadi 2012 kambi ya Mtabila ilipofungwa. Mwenye nayo anitumie. Hata ikinisuta nitaiweka hapahapa.