Ufunguo wako wa AWS uko wapi?

Leo sina mengi, nina onyo tu.

Mimi ni mpenzi wa lile dirisha jeusi la amri. Ukiwa na akaunti ya AWS, kuisimamia kwa kurasa za wavuti ni kumaliza bando: bofya hapa, ngoja pale. Kwa amri moja ya maandishi unapata orodha ya seva zako, na kesho unaiweka amri ileile kwenye skripti ikufanyie kazi ukiwa umelala. Kwa hilo sibishani na mtu.

Tatizo ni jinsi wengi wetu tunavyoanza. Unasakinisha programu, unaandika `aws configure`, unaulizwa mambo manne: kitambulisho cha ufunguo, ufunguo wa siri, eneo na muundo wa majibu. Kwenye eneo mimi huandika `af-south-1`, yaani Cape Town, lililofunguliwa 2020. Dakika mbili umemaliza. Lakini je, ufunguo umeenda wapi?

Fungua faili la `~/.aws/credentials`. Uko pale, wazi kama gazeti! Anayelipata anaweza kuutumia kwenye tarakilishi yoyote, na muda wake hauishi mpaka uuzime au uufute.

Mimi nilijifunza hayo jioni moja nikikimbilia matatu ya Kawangware. Mkoba ulinyakuliwa Tom Mboya Street, laptopu ndani, na diski sikuwa nimeisimba. Watu waliniambia pole, utanunua nyingine. Jamani, laptopu haikuwa shida! Niliingia saiba ya karibu mbio mbio kuuzima ule ufunguo kabla mtu hajawasha mashine mia kwa jina langu. Bahati yangu simu yenye msimbo wa kuingilia ilibaki mfukoni. Sikulipishwa kitu, nadhani mwizi alitaka kuuza laptopu, si kusoma mafaili. Kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Wapo watakaosema basi tubaki kwenye wavuti. Hapana! Dawa ni kuanza vizuri. Washa kwanza huduma ya IAM Identity Center, ambayo hailipishwi. Kisha, kwa toleo la 2 la programu, andika `aws configure sso`. Unaingia kwa kivinjari na kupewa funguo za muda zinazokufa baada ya saa chache. Mwizi akizipata leo, kesho ni takataka. Akaunti kuu usiitengenezee ufunguo kabisa. Simba diski yako. Weka na bajeti ikutumie barua pepe gharama zikipanda, kwa sababu bili ya dola haijui kama uliibiwa.

Kazi yote hii ilinichukua nusu saa hivi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tena kwa dola.

Haya, lifungue lile faili sasa hivi, kabla hujashuka ngazi kwenda stejini. Ukikuta ufunguo wa mwaka jana umelala humo, unajua la kufanya.