Simba kwenye mizani ya pamba

Leo nina kesi ya nyumbani hapa Songwa. Simba wetu, kajibwa kafupi tu, alifika mahali akashindwa kuruka kizingiti. Tukamtia guniani, tukamning'iniza kwenye mizani ya pamba: kilo 14! Bwana mifugo akatikisa kichwa. Kwa umbo lile, kilo 9 zinamtosha.

Nani kamnenepesha? Kila mtu akaruka. Kumbe asubuhi mama watoto anampa ugali na dagaa, mchana watoto wanamrushia michembe, jioni bibi naye, "Maskini, hajala huyu tangu asubuhi." Na Simba anavyojua kulegeza macho!

Usicheke. Unene humchosha mbwa viungo, humbana pumzi, na kwa jua letu hili unaweza kumuua. Mpapase ubavuni: usipozisikia mbavu, mambo yameharibika.

Dawa yake haina gharama. Anayemlisha awe mmoja, milo miwili, kipimo kilekile. Ugali upunguzwe kidogo kidogo, siyo kumshindisha njaa. Kitunguu marufuku, kinamharibia damu. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hupasuka ikamchoma tumbo. Maji yawepo muda wote, na matembezi yawe alfajiri na jioni.

Bibi alinuna, eti namtesa mnyama. Nikamkabidhi yeye kipimo. Miezi mitatu sasa, mizani inasoma 12, na ole wake mtoto atakayerusha mchembe: fimbo ya bibi iko mlangoni!

Tukutane wiki ijayo.