Msikiti wa Kilwa na Wageni Wake

Wapenzi wanafunzi,

Hapa Kibamba tukisikia neno utalii, fikra hukimbilia Serengeti na simba. Lakini Kilwa Kisiwani upo Msikiti Mkuu wa kale, katika mji aliofika Ibn Battuta mwaka 1331. UNESCO iliuingiza mji huo katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 ukatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwani mvua na mawimbi yalikuwa yakiubomoa. Ufaransa na Japani zikasaidia, wenyeji wakafanya kazi ya kukarabati, na mwaka 2014 ukatolewa humo.

Sasa nauliza: mgeni akifika, nani atamweleza mihrabu ni nini, na kwa nini imeelekea kaskazini? Nyinyi mnalijua hilo tangu mko Juzuu Amma. Ongezeni Kiingereza na historia, mkasomee kuongoza watalii.

Wapo wazazi wanaosema kazi hiyo ina fitina zake. Sikatai, hata sokoni fitina ipo. Ila tukijitenga, riziki na simulizi za msikiti ule zitashikwa na wengine.

Naiomba kamati ya wazazi ifikirie ziara: basi la Mbagala hadi Kilwa Masoko, kisha mashua.